Kuku Alishatolewa

Achieng mjukuu wangu,

Hujambo huko Nairobi? Hapa Kaloleni tuko salama, ingawa hiyo "tuko" ni mimi na redio. Mjomba wako alihamia Awasi na watoto, na nyumba imenyamaza.

Umeniuliza kama ni kukosa adabu kusema vyuma vya miguu vya kukusaidia kutembea vinakuumiza, na huku umetengenezewa bure kwa sababu huna bima.

Mimi pia nilipata changu cha kwanza hivyo, nikiwa msichana. Fundi wa misheni alinitengenezea kwa huruma. Mama alimbebea kuku wa shukrani, akampa kabla hata sijakivaa. Fundi akaniuliza, "Kinakuuma?" Nikamtazama yule kuku kwapani mwake, nikajibu, "Hapana, asante sana."

Tulipofika Mamboleo, njiani kurudi nyumbani, soksi ilikuwa imelowa damu. Mama alinivua kile chuma, akautazama mguu, tukarudi. Akamwambia fundi, "Kuku ni wako, Bwana. Lakini mguu ni wa mtoto wangu." Yule mzee hakukasirika. Alipiga magoti akaniuliza tena, na mara hii nilimwonyesha mahali.

Kwa hivyo mwambie fundi wako. Onyesha kwa kidole.

Siku hizi najifunga chuma changu asubuhi, na tangu babu yako atuache hakuna anayeniuliza kama kinaniuma. Ukipiga simu Jumapili, niulize wewe. Sitakujibu, "Hapana, asante sana."

Ni mimi bibi yako, dana.