Jina Chini ya Picha ya Kiota

Jumatatu, 3 Juni

Tumefika. Nyumba ya wageni yenye kuta za kijani, bomba la maji nje, mhudumu mmoja wa kufanya kila kitu. Kaka kachukua chumba chenye dirisha na meza. Mimi nimepewa kile cha mizigo—betri, lenzi, miguu mitatu ya kamera, na mimi katikati yao.

Kazi yenyewe ni kitabu. Ndege, reptilia, wanyama. Miezi minne tunazunguka, na wiki hii ndiyo ya mwisho. Miaka minane sasa mimi ndiye ninayemtafuta mnyama alipo, na nusu ya picha nazipiga mimi kwa kamera yake kuukuu. Chini ya zote linaandikwa jina lake. Lakini safari hii aliahidi! Sebuleni, mbele ya Mama, mkono kifuani: jalada litakuwa na majina mawili. Sitaki kingine. Nataka tu jina langu lisomeke mahali.

Mhudumu kaniuliza kama mimi ndiye mpishi wa bwana mpiga picha. Nimemwambia hapana, mimi ndiye mpiga picha mwenzake. Kacheka sana. Kadhani natania.

Jumanne, 4 Juni

Kenge! Mkubwa, mnene, ana makunyanzi shingoni. Tangu saa kumi na mbili asubuhi nimelala kifudifudi kwenye tope la mtoni, namsubiri atoke shimoni kuota jua. Saa tatu katoka—ulimi nje, ulimi ndani. Hapo hapo Kaka kaja ananyata, kanigusa bega. "Sogea kidogo, mdogo wangu." Nikasogea. Mimi ni bingwa wa kusogea.

Baada ya chakula kahamishia picha kwenye kompyuta, zake na zangu, folda moja. Folda ina jina gani? Lake. Nikauliza. Kasema ni kwa urahisi tu, nisianze. Sijaanza. Nimekwenda kufua tope langu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempata! Peke yangu, kwenye kichaka nyuma ya pampu ya maji. Yule ndege wa rangi ya kutu tunayemtafuta, dume lenye mkia mrefu kama utepe. Wanapokezana zamu na jike. Kiota chenyewe kidogo, kikombe cha chai ni kikubwa kuliko hicho. Makinda watatu, hawana hata unyoya, midomo tu. Majani yamewafunika pande zote, ndiyo maana hakuna aliyewaona.

Majani hayakatwi. Askari wa wanyamapori aliyenifundisha kazi hii alikuwa mkali kwa hilo. Unafunga vitawi pembeni kwa uzi, unapiga picha dakika kumi, kumi na tano, unafungua, kivuli kinarudi. Kinda asiye na manyoya akiachwa juani mpaka adhuhuri amekwisha. Ndiyo maana natembea na uzi wangu wa bluu mfukoni.

Kaka hajui bado. Nimekaa na siri yangu siku nzima, tamu kweli.

Ijumaa, 7 Juni

Nyuzi nne. Saa mbili asubuhi, mwanga laini. Dume likaja na nzi mdomoni, likatua ukingoni, mkia ukaning'inia chini ya kiota—na makinda wote watatu wakainua shingo kwa pamoja. Nikabonyeza.

Kaka alikuwa nyuma yangu, sikumsikia akija. Akatazama kioo cha kamera. Kisha, "Hii kali." Miaka minane sijawahi kulisikia hilo!

Simu ikaita. Dereva wetu: chui yuko juu ya jiwe, upande wa pili wa bonde, njooni sasa hivi. Nikashika uzi wa kwanza kuufungua. Kaka akanikamata mkono. "Wewe kimbia na miguu mitatu ukashike nafasi. Hizi niachie, nafungua nakuja." Nikakimbia.

Akafika nyuma yangu baada ya dakika chache, anahema. Swali lilikuwa mdomoni: umefungua? Chui akainua kichwa. Sikuuliza. Tukakaa pale mpaka saa tisa alasiri, na bado sikuuliza. Tuna picha mia mbili za mgongo wa chui.

Jumamosi, 8 Juni

Nyuzi zote nne ziko palepale. Zimekaza, kama nilivyozifunga.

Wamekauka. Wawili kiotani, mmoja kaning'inia ukingoni, sisimizi wameshamfikia. Na mama yao anakuja! Anakuja na mdudu mdomoni, anatua, anasubiri midomo ifunguke, anaruka, anarudi tena na mdudu yule yule. Nikafungua nyuzi. Sijui nilikuwa namfungulia nani. Majani yakarudi mahali pake vizuri kabisa.

Kaka kasema alidhani nimeshafungua. Nikamwambia alisema mwenyewe nimwachie yeye. Kasema hakumbuki. Kisha: "Nyuzi ni zako, mdogo wangu. Mimi situmii nyuzi." Amenigeuzia kibao huku anapiga mswaki!

Na mimi? Saa saba mchana nilihisi jua linanichoma shingo pale kwenye jiwe. Nikavaa kofia.

Jumapili, 9 Juni

Sijapiga picha. Dereva kaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 26 Juni

Nyumbani kwa Mama. Meza ya chakula imegeuka ofisi. Tunachagua picha za kupeleka kwa mhariri wa kitabu. Ya kiota imo, namba moja kwenye orodha, chini yake jina la Kaka. Nikamwambia itoe. Anasema nina wivu. Nikamwambia wale makinda walikufa siku ileile. Anasema picha haionyeshi hivyo.

Halafu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: wenye kitabu wanaona majina mawili kwenye jalada yatawachanganya wasomaji. Ila ukurasa wa shukrani nimo. Kanisomea. "Kwa dada yangu, kwa uvumilivu wake." Uvumilivu! Ndiyo kazi niliyofanya miaka minane!

Nikamtazama Mama. Alikuwepo Kaka alipoahidi. Kasema tusigombane kwa vitu vidogo, kaka yako ndiye anayejulikana, akipanda yeye tumepanda wote. Kisha kaniomba niondoe vikombe.

Jumamosi, 13 Julai

Mhariri kachagua jalada. Kiota. Kamwandikia Kaka kwamba hajaona picha kama hiyo tangu aanze kazi. Mama kawapigia shangazi zetu wote, mmoja mmoja. Mwanangu, mwanangu.

Nilikuwa jikoni. Nikatoka na mikono ya sabuni nikasema mbele yake na Kaka: hiyo nimepiga mimi. Kaka kacheka, kanishika bega. Kasema hii ni kazi ya familia, tusianze kugawana mafiga. Mama akacheka pia. Namchukia Kaka. Sijawahi kuliandika hilo, sasa nimeliandika. Na uchungu mwingine ni huu: hata mimi, nikiiangalia ile picha, naipenda.

Jumanne, 16 Julai

Kaka kaja asubuhi, kachomekea shati. Kamwita Mama, kaniita mimi, tukakaa sebuleni. Kasema hajalala vizuri siku mbili. Kasema nimeonewa miaka yote hii. Picha ya jalada ni yangu na itabeba jina langu, peke yake, na mhariri ataambiwa leo.

Nililia. Naandika ukweli: nililia, nikamkumbatia, nikamwomba msamaha kwa niliyokuwa namuwazia. Mama akapiga kigelegele.

Kisha Kaka akanipa simu yake nisome barua pepe ya mhariri.

Ni ya juzi. Ameikuza picha ili ipelekwe mtamboni. Kwenye kona ya chini, nyuma ya jani, kaona uzi wa bluu. Anataka maelezo ya maandishi kutoka kwa mpiga picha mwenyewe, kwa jina lake. Nani alifunga? Ulifunguliwa saa ngapi? Makinda waliishi? Kama walikufa, picha inatoka, na huyo mpiga picha hatafanya nao kazi tena, na wenzao wa vitabu vingine wataarifiwa. Atapiga simu leo saa tano kupata jibu.

Kilemba cha ukoka, na nilikuwa nimeshakivaa.

Nimeingia chumbani, nimefunga mlango. Naandika jibu humu kwanza kabla ya kulinakili. Picha hii nimeipiga mimi. Kweli. Nyuzi nilifunga mimi. Kweli. Makinda walikufa wote watatu. Kweli. Nilikuwa na saa saba za kuuliza na sikuuliza. Hiyo pia kweli, naiacha. Sentensi inayofuata ndiyo inayonikwamisha: aliyesema atazifungua ni

Mama kaingia bila kubisha. Kakaa kitandani, kwa upole, kanyoosha shuka. Kasema anajua nimeumia, lakini kaka yangu ana mke na watoto na jina alilolijenga, mimi ndiyo kwanza naanza, nikianguka sianguki mbali. Kauliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia jibu la mhariri. "Andika jina lako tu, mwanangu," kasema. "Si ndilo ulilokuwa unalitaka?"

Saa tano kasoro dakika mbili. Hajaondoka. Simu ya Kaka iko hapa mezani, kaiacha kwangu makusudi, na sasa inaita.