Mukanda wa Mpundu kwenye Sanduku la Vioo

Nchelenge, tarehe 12 Machi 1978

Kwa mudogo wangu Florent,

"Katika nyumba hii vijana wanne waliishi kama watoto wa tumbo moja, na kila kitu kilikuwa cha wote." Nimeyasoma maneno yako kwenye ubao wa mlango, na nimeyatanguliza hata mbele ya salamu ili ujue nimekuja kugombana. Sasa salamu. Huku sisi wazima, ni mafua tu ya upepo wa ziwa. Wewe na muke wako Delphine mnaendeleaje hapo Kitwe? Kikohozi chake kimepoa? Mungu asifiwe. Nasema hivi: ubao wako unadanganya.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kuitazama nyumba ya Bana Chisense mliyopanga na bandi yenu, ile ile ambayo magitaa yenu ya roki yalitetemesha mabati yake mpaka majirani wakahama. Umeandika "Musée", nyumba ya makumbusho, kwa Kifaransa, katika muji ambao watu wanasema Kibemba. Mbele yangu walikuwa bamama wawili kutoka kwenye uanikaji wa samaki, na kuku mkononi, juu ya kusikia kwamba humo ndani kuna muzee.

"Muzee eko wapi, tumusalimie?" wakamuuliza Kingsley, mpiga ngoma wenu, uliyemwachia ufunguo.

"Ah, bamama, alikufa zamani."

Wakafunga vitenge vyao kiunoni na kuanza kulia pale pale mlangoni. Walikuwa wakimlilia mutu ambaye hayupo, na Kingsley hakuwazuia. Nafikiri ilimpendeza kupata wageni wenye machozi.

Ndani kunanuka popo na godoro bovu. Godoro lenyewe mmeliacha chini na madoa yake yote, na kibao: "Hapa walilala mashujaa." Kuna mswaki wa mutu. Kuna kichana chenye nywele. Kuna shati lenye jasho la miaka mingapi sijui, limetundikwa ukutani kama vazi la padri. Nimesoma habari za nyumba za makumbusho za Ulaya, najua wazungu nao wanaweka meno ya wafalme wao. Upuuzi wa kuiga hauwi safi kwa sababu umetoka mbali.

Jikoni nikaona sufuria. "Sufuria ya bandi."

"Ba Kingsley, nani alinunua hii?"

"Olipa, muke wa Mpundu, mama."

"Nani alipika?"

"Olipa."

"Nani alisugua?"

"Eh, mama, weye unauliza kama polisi! Olipa."

"Na nani alikula?"

"Sisi bote."

Basi njo hicho tu kilichokuwa cha wote, Florent: kula.

Hayo yote ningeyacheka na kurudi nyumbani. Lakini katika sanduku la vioo, chini ya picha yenu, kuna mukanda wa Mpundu, ule mpana wenye kifungo cha shaba. Mpundu mwimbaji wenu, mume wa Olipa, alizama kati ya kisiwa cha Chisenga na huku, na ziwa halikumrudisha. Kilichobaki nchi kavu ni huo mukanda, aliouacha kwenye msumari. Umeishi na batu wa huku, unajua desturi ya kwao. Mukanda wa marehemu hufungwa kiunoni mwa mpwa wake, naye hupokea jina lake. Hiyo ndiyo kupyana. Siku hiyo mjane huachiliwa. Kabla ya hapo Olipa ni muke wa mutu aliye chini ya maji. Haolewi, na mashemeji wanamtazama kama nyumba iliyofungwa.

Mwaka jana Chola, mpwa wa Mpundu, alikuandikia: "Tunaomba mukanda wa marehemu." Ndugu wakaja, wengine kutoka Puta, na mikeka yao. Bahasha yako ikafika, nene. Mjomba akaifungua mbele ya wote, akatoa karatasi. Kurasa na kurasa za kumsifu Mpundu! Wamfunge Chola karatasi kiunoni? Nilikuwepo. Nilitamani ardhi inimeze kwa sababu mimi ni yaya yako, dada yako mkubwa wa baba na mama mmoja.

Mwandikie Kingsley afungue sanduku.

Yaya yako,
Emilienne


Kitwe, tarehe 2 Aprili 1978

Yaya yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Delphine anakohoa bado, lakini anakula. Amecheka sana habari ya kuku, naomba usikasirike.

Yaya, wewe umesoma vitabu vya Pwani, kwako mukanda ni kitu cha kiuno. Kwetu Manono, nyanya alipoona karatasi yoyote mkononi mwa mutu wa posta alisema nini? "Mukanda umefika!" Yaani barua. Chola aliomba mukanda wa marehemu. Nikafikiri familia inataka barua ya kusomwa matangani, nikaandika usiku na mchana. Nililia nikiiandika. Sikumdhihaki mutu.

Lakini kuhusu ule wenyewe, niache niseme. Chola ni mvuvi. Atauvaa mtumbwini, utaoza na maji ya samaki, na mwisho wake atafungia nao baiskeli. Katika sanduku langu, mutoto atakayezaliwa kesho atauona na kuuliza, "Huyu alikuwa nani?" Na huku Copperbelt bandi zinakufa moja moja, hakuna anayezihifadhi. Mwezi wa nane wanakuja watu wa redio. Nitawaonyesha nini, godoro? Mpundu alikuwa ndugu yangu kabla hajawa mume wa Olipa.

Kuna fundi viatu hapa, mkono wake ni wa ajabu. Atashona mwingine unaofanana kabisa, familia ifanyie desturi yao. Kila mutu atapata wake.

Mudogo wako,
Florent


Nchelenge, tarehe 20 Aprili 1978

Florent,

Salamu kwa Delphine. Wewe sikusalimu leo, utanisamehe au usinisamehe.

Habari ya nyanya na neno mukanda naikubali. Nimecheka peke yangu, kisha nikamweleza Olipa, naye pia akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya bahasha. Kosa hilo limekwisha.

Hili la pili silo la lugha. Unataka kumpa mjane mukanda wa fundi viatu na kubaki na wa mumewe? Geuza! Ule wa fundi uweke kwenye vioo. Watu wa redio hawakumjua Mpundu, watapiga picha na kwenda zao wameshiba. Olipa alimjua. Anayehitaji mukanda wa kweli ni yule ambaye maisha yake yamefungwa nao.

Na usiniambie "desturi yao" kwa mdomo huo. Ulikula ugali wao miaka saba.

Yaya yako,
Emilienne


Kitwe, tarehe 18 Juni 1978

Yaya,

Pokea salamu zetu. Nilinyamaza kwa sababu Delphine alilazwa. Sasa yuko nyumbani, anapata nguvu.

Umenishinda, kama siku zote. Nimemwandikia Kingsley. Yeye mwenyewe atampelekea Olipa mukanda, umefungwa kwa kitenge, kabla ndugu hawajakusanyika. Waambie waweke siku. Tusiseme tena habari hii, inaniumiza.

Mudogo wako,
Florent


Nchelenge, tarehe 30 Julai 1978

Kwa Florent, na kwa Kingsley,

Nawasalimu wote wawili. Namshukuru Mungu kwa afya ya Delphine, na katika barua hii hilo ndilo neno zuri la mwisho.

Ndugu walikuja. Kingsley alileta kitenge, akakitua mlangoni, akakataa hata maji ya kunywa. Mimi mjinga nilidhani ni huzuni.

Chola alisimama na shati jeupe. Shangazi akafungua kitenge, akamfunga mukanda, akaita mara moja, "Mpundu!" Bamama wakapiga vigelegele. Kulikuwa na jua kali, Chola akatoka jasho, na rangi nyeusi ikaanza kushuka. Ikatiririka kwenye shati, kwenye suruali, mpaka kwenye mikono ya shangazi. Harufu ya gundi ikajaa uwanja. Mutu mmoja nyuma akasema, "Mpundu huyu anayeyuka!" Vijana wakaangua kicheko, na wazee wakainuka.

Olipa hakulia. Alisema, "Mufungueni huyu mutoto, mumwoshe." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikwenda mbio kwenye nyumba yenu. Mukanda wa kweli uko pale pale, umepakwa mafuta ukang'aa.

"Kingsley, hii ni nini?"

"Mama, bosi aliandika."

"Wewe ulipiga ngoma nyuma ya Mpundu. Leo una bosi?"

Akachukua tambara, akaanza kufuta vioo.

Sasa sikieni mlichofanya. Chola ameitwa jina la marehemu akiwa na mukanda wa uongo. Wazee hawajui wamwiteje: jina la Chola limekwisha kuachwa, la Mpundu halijafika. Sokoni wanamwita "Mpundu wa Kitwe" na kufuta mikono wakimsalimia. Mchumba wake amerudi kwao Chienge. Na Olipa, ambaye alikuwa mjane wa mutu mmoja, sasa anaulizwa kama ni mjane wa wawili. Mwizi huchukua kitu na kukimbia. Ninyi mlileta uchafu, mkaufunga kwenye kitenge kizuri, mkauweka katika mikono ya mjane.

Wazee wamekubali kukaa mara moja tena, Jumamosi ya pili ya Agosti, na baada ya hapo hawatakaa tena kwa ajili ya jina hili. Kingsley, nakusomea barua hii uso kwa uso, huwezi kusema haikufika. Fungua sanduku, mpelekee Olipa mukanda wa mume wake, na safari hii uketi chini, unywe maji kutoka mkononi mwake. Florent, panda basi. Simama mbele ya ndugu wa Mpundu, sema kwa mdomo wako kwamba ule wa kwanza ulikuwa wa uongo na kwamba ni wewe uliyeagiza ushonwe, kisha umfunge Chola kwa mikono yako mwenyewe.

Yaya yako,
Emilienne