Ganzi ya Evelina

Monika, nimempasua shemeji Festo kichwa. Kwa chupa ya chai. Wodini!!

Si unajua dada Evelina leo alikuwa anapandishiwa kizazi kilichoshuka? Daktari alipomaliza kushona akamchoma ganzi palepale kwenye mshono, ili akiamka asiteseke. Kaamka vizuri, anaongea, anacheka.

Ndipo Festo, mume wake, katokea kutoka duarani, shimoni anakochimba, matope ya dhahabu mpaka kwenye nyusi. Hata pole hakuna. "Anayecheka kapasuliwa wapi? Inuka ukapike."

INUKA UKAPIKE, Monika. Mtu ana nyuzi mwilini!

Nikamwambia hiyo ni ganzi, ikiisha utamsikia. Akanisukuma, akamkamata Evelina mkono, akamvuta mpaka mguu mmoja ukagusa sakafu. Mayu! Nikampiga ya kwanza. Akageuka kunitukana, nikampiga ya pili. Damu mpaka kwenye shuka.

Nesi kamkagua dada, mshono haujaachia.

Sasa Festo anashonwa chumba cha pili. Sindano haijamgusa, analia: "Ganzi, dokta! Niwekee ganzi!" Wodi nzima tunamsikia.

Evelina kamwita nesi, kamwambia taratibu: "Mpeni. Ila akicheka tu, mrudisheni duarani akachimbe."