Pinni, na Sahani Niliyoirudisha Tupu

Jumanne, Januari 13. Joto la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

Leo ni Lohri. Najua wengi mnaopita hapa hamjui ni kitu gani, na mimi nisingejua kama baba yangu asingekuwa Mpunjabi. Ni sikukuu ya kwao ya kuaga baridi. Wanawasha moto, wanauzunguka, wanautupia ufuta na bisi, wanakula vitamu vya sukari guru. Kuaga baridi, Dar es Salaam, mwezi wa kwanza! Baba alikuwa anacheka mwenyewe kila mwaka, shati limemganda mgongoni, anasema haya jamani, tuiage baridi.

Nyumba ikipata mtoto, Lohri yake ya kwanza haipiti kimya. Zinapikwa pinni, zinapelekwa kwa ndugu. Asmini wangu ana miezi minne.

Basi nimepika pinni.

Naandika kirahisi hivyo, ila tangu juzi nimekuwa kama mtu anayetembea usingizini. Namnyonyesha mtoto, feni inazunguka, chini huku mtaa wa Narung'ombe wanaita wateja wa mashuka, na mimi sipo. Nipo jikoni kwa shangazi, nina miaka saba, nasubiri mtu anipe donge moja.

Pinni ni madonge tu, ukubwa wa ndimu. Unga wa ngano nzima unaukaanga kwenye samli, unautia sukari guru, hiliki na lozi zilizotwangwa, unafinyanga. Juzi nilishuka sokoni Kariakoo na mtoto mgongoni kutafuta mahitaji. Muuza sukari guru alinitazama, akamtazama mtoto, akaniuliza kwa upole kabisa kama maisha yamenifikisha kwenye kupika gongo. Nilicheka mpaka Asmini akaamka. Lozi zilikuwa zimezeeka, zinanuka, nikachukua korosho. Mama yangu ni mtu wa Lindi, na korosho kwetu haziombi ruhusa kuingia kwenye chakula.

Sasa niungame, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Ndugu zake waliuchoma mwili wake, kwa desturi yao. Mimi nilitaka kaburi. Nilitaka mahali pa kwenda, ning'oe majani, nikae kidogo. Mama aliniambia Baba mwenyewe ndiye aliyeomba iwe vile, na mimi sikutaka kusikia. Nikatafuta wa kumtupia hasira zangu, nikampata Bua. Bua ni shangazi kwa Kipunjabi, dada yake Baba, wa pekee. Nilimwambia mbele ya waombolezaji wote kwamba amenichomea baba yangu.

Alirekebisha mtandio wake tu.

Mwaka wa msiba hawasherehekei. Mwaka uliofuata, siku kama ya leo, Bua alitoka kwake Kisutu na pinni kwenye sahani ya stili, akapanda ngazi zetu hadi ghorofa ya tatu na magoti yake yale mabovu. Hakunikuta. Akamwachia Mama sahani, akashuka taratibu.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Huna kitu, weka ndimu mbili, weka hata sukari ya kiganjani. Kwao ni hivyo hivyo. Nadhani hilo ndilo jambo pekee ambalo Lindi na Punjabi hawajawahi kubishania. Mimi niliiosha sahani ile, nikaikausha kwa kitambaa, nikaipeleka Kisutu kwa miguu yangu, nikamwekea mikononi tupu, nikageuka. Mama aliponiuliza nimeirudisha na nini, nikamjibu, na hewa.

Na pinni zake nilizila. Zote. Peke yangu, nimefunga mlango.

Miaka miwili imepita tangu siku hiyo. Mdomo huponza kichwa, lakini mimi mikono nayo iliniponza. Nilipojifungua Asmini nilijua Bua hatakuja, na nilijua kwa nini. Usiku mmoja nikamwangalia mtoto usoni, nikaona nyusi za Baba, zile zinazokaribia kukutana katikati. Nikaona aibu. Mtoto ana bibi wa upande ule na mimi nimemkatia njia kwa sahani.

Kwa hiyo leo asubuhi nikabandika sufuria, moto mdogo. Unga ukiwa kwenye samli unabadilika harufu taratibu. Kwanza unanuka unga. Halafu unanuka chapati. Unakoroga, unakoroga, mkono unakufa ganzi, halafu ghafla unanuka Baba. Nasema kweli. Alikuwa fundi seremala, karakana yake ilikuwa mtaa wa Gerezani, na siku ya Lohri alikuwa akitoka kwa dada yake na pinni kwenye gazeti, anasimama mlangoni kwetu, vumbi la mbao kwenye nyusi, ile harufu imetangulia mbele yake. Leo niligeuka kutazama mlango. Sina aibu kusema. Niligeuka, na nikaendelea kukoroga huku nimeupa mlango sikio.

Nikaepua, nikatia sukari guru, hiliki, korosho. Hapo nikaharibu. Nilijiambia Bongo hii samli haiwezi kuganda yenyewe, acha niisaidie. Nikasukuma sufuria zima kwenye friji, nikaenda kumlaza mtoto, na mimi nikapitiwa na usingizi pembeni yake. Nilipozinduka, sufuria lilikuwa na kitu kimoja kigumu, ukikigusa kinakatika, ukikifinya kinamwagika mchanga.

Nilikaa sakafuni nikalia. Si kwa ajili ya unga. Niliona kama nimeambiwa jibu la Bua kabla sijauliza.

Mama akatokea, akachungulia sufuria. "Mwanangu, hili tofali unajengea wapi?"

Halafu akakunja kanga, akarudisha sufuria motoni, moto wa chini kabisa, akaniambia pinni haifinyangwi ikiwa imepoa. Inafinyangwa ikiwa inakuunguza. Ukiweza kuishika bila shida, umechelewa. Nikamuuliza amejulia wapi. Akanishangaa. Alipoolewa, alisema, yeye na Baba walipanga chumba nyuma ya karakana, na wifi yake alikuwa anakuja kila Jumamosi na samli ndani ya kikapu kumfundisha. Ndugu wengine hawakutaka kumwona. Yule alikuja.

Nikamuuliza kama hana kinyongo naye kwa habari ya ule moto wa msiba wa Baba.

"Sahani uliirudisha wewe," alisema. "Mimi na wifi yangu hatujawahi kugombana."

Kumbe wanapigiana simu. Miaka yote hii. Mimi nikidhani namtetea mama yangu, mama yangu yuko chumbani anacheka na wifi yake kwenye simu.

Tukafinyanga wawili, tukipulizia viganja, tukisema uuh, uuh, mpaka Asmini akawa anatucheka. Zikatoka pinni ishirini na tatu, nyingine zina mabega, hakuna mbili zinazofanana. Mama akashusha sahani yake ya bati yenye maua mekundu, aliyokuja nayo kutoka kwao akiwa bibi harusi, ile ambayo sisi wengine haturuhusiwi hata kuiosha. Akazipanga mwenyewe, akafunika kwa kitambaa. Nikamwambia twende wote. Akasema hapana, hii njia ni yako.

Nilitembea. Mtoto kifuani, sahani mikononi, jua la alasiri usoni. Nilipita Mnazi Mmoja kwenye kivuli, watu wamelala kwenye majani na viatu wameviweka chini ya vichwa, na kwa muda kidogo sikusikia hata honi moja. Niliona kama nabeba kitu cha maji, nikichepuka tu kitamwagika. Nilikuwa naogopa, yaani naogopa kama mtoto. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Kwenye ngazi zake ikanitoka yote.

Bua alifungua mlango. Amekonda. Nywele zote nyeupe sasa.

"Shikamoo, Bua."

"Marahaba."

Akasimama palepale. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nilijua kwamba ni Baba aliyetaka, nilijua siku ileile, na nilikuchagua wewe kwa kuwa wewe ndiye ungenyamaza. Hayo hayakuwa kwenye hotuba. Yalitoka tu, na pinni zinagongana chini ya kitambaa.

Akafunua kitambaa, akachukua moja yenye mabega, akala. Alitafuna muda mrefu sana, ameangalia pembeni.

"Korosho," alisema.

Nikaanza kujieleza habari ya lozi. Akanikatiza kwa mkono, akasema kaka yake angezila zote hizi asiache hata moja ya wageni. Kisha akamfungua Asmini kifuani kwangu bila kuniomba, na sote tukalia, na mtoto katikati yetu anatafuta ni nani wa kumvuta hereni.

Alitupeleka barazani kwa nyuma. Pale palikuwa na jiko la mkaa. Mkaa umepangwa, haujawashwa. Pembeni bakuli la ufuta na bisi, na kiti kimoja. Mama alikuwa amempigia simu tangu asubuhi kwamba nimebandika sufuria, naye Bua akakaa kusubiri aone kama nitafika au nitaishia njiani. Aliwasha, mkaa ukashika. Akasogea na mwanangu mikononi, na mimi, niliyechukia moto kwa miaka minne, nilisimama nikatazama. Alilizunguka jiko polepole kwa magoti yake yale, akiimba chinichini. Alimshikisha Asmini ufuta kidogo, akamsaidia kuutupa. Ukalia patapata. Mtoto akaruka, halafu akacheka. Harufu ya ufuta ikatufunika. Nilihisi kwamba Baba hayuko mahali popote pa kwenda kung'oa majani, na kwamba nimeacha kudai pawepo.

Jua lilipoanza kupungua nikaaga. Nilimfunga mtoto kifuani, nikanyoosha mkono kuichukua sahani ya Mama. Bua akaisogeza upande wake wa meza.

"Hii haitoki humu tupu," alisema. "Nitaileta mwenyewe."

Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Mama alikuwa dirishani. Alinitazama mikono kwanza, halafu uso, akauliza sahani yake iko wapi. Nikamwambia imebaki kwa wifi yake.

Alichukua ufagio, akafungua mlango, akaanza kufagia ngazi, kuanzia juu hadi chini, ghorofa zote tatu, saa ya magharibi ambayo yeye mwenyewe ametukataza kufagia tangu tukiwa wadogo.

Kesho nafagia mimi.