Kaka Mihayo, Wamepima Figo Zangu

Kaka Mihayo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijui namna ya kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Naogopa. Wengine wote nimewaambia nimeshatulia, hata mke wangu, lakini wewe siwezi kukudanganya.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Mama na Baba wamehamia kijiji cha ujamaa karibu na Ipole. Nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na Baba ananung'unika kwamba mizinga yake ya nyuki imebaki mbali porini. Mimi bado niko Ipuli, hapa Tabora mjini, bado nafanya kazi karakana ya reli. Na vyuma vyetu bado ninavinyanyua. Ile ekseli yenye madebe ya saruji huku na huku ipo palepale nyuma ya nyumba. Ulipofariki sikuigusa kwa miezi mingi. Siku moja nikaiinua, nikalia, nikaiinua tena.

Nilifuata kila ulichonifundisha. Hata lile la maji. "Maji yanalegeza mwili, Maganga. Mwanamume anakunywa akishamaliza." Jua la Oktoba linachoma, ulimi umekauka, na mimi nahesabu tu mpaka nimalize.

Mwezi uliopita waliteuliwa watu wa kwenda kusomea udereva wa treni, na jina langu likawemo. Tukapelekwa hospitali kupimwa, tukatolewa damu. Ijumaa mganga msaidizi akaniita pembeni akanionyesha karatasi. Neno moja lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu: kreatinini.

"Imezidi," akasema. "Ni mambo ya figo. Jumatatu umwone daktari."

Figo. Neno lilelile tuliloambiwa wewe ukiwa kitandani, uso umevimba mpaka macho hayafunguki.

Siku ile kila nilipokwenda haja ndogo niliinama nikatazama rangi. Maana nilikumbuka ya kwako. Ulikuwa umenyanyua siku mbili mfululizo, unajiandaa kwa mashindano ya karakana, ukaniita uani nione: mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. "Usimwambie Mama," ulisema. "Ni uchovu tu." Nikanyamaza. Siku mbili nzima nilinyamaza, na ya tatu hukuweza kusimama.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Ipole. Mama alipika ugali na mlenda, nikashindwa kumeza. Akanitazama. "Unaumwa," akasema. "Kaka yako naye alikuwa anachezea tonge hivyohivyo. Sema."

Nikasema. Nikasema yote, hata lile la mkojo wako ambalo hakuwahi kulijua. Aliondoka akaenda kuosha sufuria iliyokuwa imeshaoshwa. Aliporudi alisema tu, "Jumatatu tunakwenda wote." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Daktari ni dada wa Kihindi, mjukuu wa wale wenye duka la vitenge karibu na soko. Kiswahili chake ni cha Tabora hasa. Hakuanza na karatasi. Alinitazama mabega, akauliza nafanya nini na mikono hii. Nikamweleza habari za vyuma. Akauliza: siku moja kabla ya kutolewa damu nilifanya nini? Nilinyanyua mpaka jua linazama. Nilikula nini? Nyama, nyingi, kulikuwa na sherehe ya jirani. Maji je? Mama akajibu kwa niaba yangu: "Hanywi. Wote wawili hawakuwa wanakunywa."

Akatueleza taratibu. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo zinazoitoa nje. Mwenye misuli mikubwa anayo nyingi kuliko mwembamba. Ukinyanyua vizito, ukala nyama nyingi, mwili ukakauka, inapanda zaidi, na pengine figo ni nzima kabisa. "Na pengine si nzima," akaongeza. "Karatasi moja haitoshi kunijulisha." Akaniambia niache vyuma wiki nzima, ninywe maji kidogo kidogo kutwa, nisibugie ndoo kwa mara moja, na nisinywe vidonge vya maumivu ovyo. Kisha nirudi wapime damu tena, na mkojo pia.

Ndipo nikamuuliza habari zako. Nikamweleza ile rangi. Aliweka kalamu chini. Alisema misuli ikiumia kupita kiasi hutoa vitu vinavyoziba figo, na mtu akiona mkojo wa namna ile aende hospitali saa hiyohiyo, asingoje kesho. "Kwa kaka yako siwezi kusema ilikuwa nini," akasema. "Sikumwona."

Mama alikuwa anasikiliza. Sikuweza kumtazama.

Wiki ile ilikuwa ndefu, Kaka. Nilikunywa maji, nikamwota yule mganga na karatasi yake. Mke wangu alinikuta mchana nimekaa tu, nimeshika kiuno pande zote mbili kana kwamba figo zitaniambia kitu.

Majibu yalitoka jana. Kreatinini imeshuka. Mkojo ni safi. Lakini imebaki juu kidogo ya kiwango cha kawaida, na daktari anataka kupima mara ya tatu kabla ya kuandika barua ya karakana kuhusu udereva. Mama aliposikia imeshuka alikaa chini palepale kwenye korido, akafunika uso kwa kanga. Sijui alikuwa anamlilia nani kati yetu.

Mimi nilifurahi, kisha nikaona aibu. Huenda siku zile mbili zingetosha kukuokoa. Huenda zisingetosha. Hilo nitaishi nalo, wala sikuombi unisamehe, kwa kuwa huwezi kunijibu.

Keshokutwa saa mbili asubuhi narudi kutoa damu. Naogopa kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa sasa nimeanza kutumaini. Leo nimewaambia wenzangu wote wa karakana wanaonyanyua: wanywe, wapumzike, na mkojo ukibadilika rangi wapige kelele. Mmoja alicheka. Nikamweleza ulivyokufa, akaacha.

Pumzika, Kaka. Nakuahidi nitakwenda, na watakaloniambia, zuri au baya, nitamwambia Mama siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Maganga