Tendo la Mayunga

Nyamiaga, Ngara
Jumatatu jioni

Kaka yangu Theonest,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, nikiomba nawe huko Tunduru uwe mzima, wanafunzi wasikuchoshe na joto la huko uwe umeshalizoea. Mama hajambo. Goti bado linamsumbua asubuhi, ila akishalikanda kidogo anashika jembe na hakuna wa kumzuia. Migomba imestahimili upepo, maharage ndiyo yaliyopigwa na mvua yakiwa katika maua. Cherehani yangu inanilisha, namshukuru Mungu.

Najua unashangaa, barua ya nini wakati simu unayo na mimi ninayo. Ningekupigia ungenikatiza kabla sijafika katikati, ndiyo tabia yako tangu utotoni, na haya nitakayokueleza hayataki kukatizwa. Uliniuliza kwa nini rafiki yetu Mayunga hapokei simu zako, ukatania kwamba huenda siku hizi amekuwa bwana mkubwa. Hapana, kaka. Mayunga ameumia, na maumivu yenyewe yanatuhusu, wewe kuliko sisi wengine. Soma taratibu.

Nianzie kwenye mchezo wako, ule uliotuletea kutoka chuoni. Kila Jumapili baada ya misa tulisogeza vitambaa vyangu tukaizunguka meza ya kukatia, na wapita njia wakadhani tunacheza kamari. Kumbe wewe ulikuwa msimulizi tu, na kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi. Punje za maharage mezani zilikuwa maadui, na dadu ndiyo iliyosema kama pigo limempata mtu au limepita hewani. Vita vikianza kila mmoja alipewa zamu moja na tendo moja. Hapo ndipo ugomvi wetu wote ulipokaa: lipi ni tendo na lipi si tendo. Kuchomoa panga ukasema ni bure. Kufunga jeraha, tendo. Naye jirani yetu Clotilda alishikilia kwamba mtu wake asimpige kiongozi wa majambazi kabla ya kumwamkia, kwa kuwa ulikuwa umesema ana mvi, na mtu mzima hapitwi bila shikamoo hata kama ameshika panga. Ukaamua kwamba shikamoo ni bure, ila kusubiri marahaba kunakula zamu. Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kulikoni.

Sasa kumbuka Jumapili ya mwisho kabla hujahamishwa. Mtu wa Clotilda, yule mganga, alikuwa ameanguka kando ya mto Ruvubu anavuja damu, na majambazi wamemzunguka. Ilikuwa zamu ya Mayunga. Akasema mtu wake, mchunga ng'ombe, anakimbia juu kilimani kupiga ngoma ili watu waje. Ukamjibu kwamba tendo ni lile linalomgusa adui au majeruhi. Kukimbia ni mwendo, kuita ni maneno, na hakuna dadu ya maneno. Unamjua Mayunga, anaweza kuchomelea magrili ya madirisha kutwa nzima na mteja asisikie sauti yake. Siku ile alibisha. Alikuomba dadu, akaomba tena, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nawe ukamwambia, huku sisi tukicheka, kwamba hakufanya kitu na zamu yake imepita. Mganga akafa. Mayunga akachukua kofia yake akatoka bila kuaga, tukasema huyo hajui kushindwa. Tangu siku hiyo hakurudi mezani.

Kaka, sote tulijua kwamba mkewe, Suzan, alifariki kwa uzazi huko kwao Mbuba, na kwamba mtoto wao Happyness alibaki kwa bibi yake, mama Leonsia, mama mzazi wa Suzan. Zaidi ya hapo hatukujua. Tuliona haya kumuuliza, na yeye si mtu wa kujisemea.

Mwezi huu Mayunga alikwenda Mbuba kuwaomba wakwe wampe mtoto wake. Ameshakua, anakimbia na kula mwenyewe, na baba yake alikuwa amemwandalia chumba na kitanda alichokichomelea kwa mikono yake. Baba yake Mayunga, mzee Mihayo, alitoka Biharamulo kuja kumsemea. Kwa kuwa wanawake wa kwao wako mbali, mimi na Clotilda tulifuatana nao tukasaidie jikoni, wasionekane watu wasio na wenyewe.

Njiani mzee Mihayo ndiye aliyetusimulia. Alisema uchungu ulimkamata Suzan kabla ya wakati, mvua inanyesha, simu hazishiki. Mayunga alimwacha mkewe na mama mkwe akatoka mbio hadi barabara kuu, akasimama katikati ya lami mpaka lori la ndizi likafunga breki mbele yake. Alirudi na lori, wakampakia. Suzan hakufika hospitali akiwa hai. Mtoto alitolewa mzima, na muuguzi akasema wangechelewa kidogo tu wangezika wawili. Niliposikia hayo nikakumbuka ile ngoma ya kilimani. Clotilda alinitazama, naye ameikumbuka.

Kikao kilikuwa cha heshima. Pombe ya ndizi ililetwa, wazee wakaulizana habari za mvua na mifugo, na aliyeongoza alikuwa mzee Ndikuriyo, kaka yake mama Leonsia. Hakudai kitu. Alisema kwao, anayekuja kuomba mtoto wa marehemu hujibu swali moja, tena hujibu kwa kinywa chake, hasemewi na baba wala ndugu, na akishasema imetosha. Kisha akamuuliza Mayunga: siku mkeo alipokuwa katika uchungu, wewe ulifanya nini?

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na sinia mkononi. Moyo wangu ulitulia, kwa kuwa jibu lilikuwepo na lilikuwa zuri. Mayunga akasema hakufanya kitu, alikimbia tu na kuita watu, na zamu yake ikapita.

Wazee walitazamana, hawakuelewa zamu ni nini. Mimi na Clotilda tulielewa. Yalikuwa maneno yako, kaka, neno kwa neno. Mzee Mihayo alinyanyuka kutaka kusema, mzee Ndikuriyo akamwomba akae, kwamba mwenyewe ameshajisemea, na mtoto hakutolewa kwetu. Nami mtu wa jikoni ningemwambia nani? Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha.

Lililonimaliza ni hili. Tulipokuwa tunaosha vyombo, mama Leonsia alinionyesha mfuko kitandani. Ndani zilikuwa nguo za Happyness, zimefuliwa na kukunjwa, na viatu vipya juu yake. Aliniambia alikuwa ameamua tangu jana yake kumkabidhi mtoto kwa baba yake. Hajasahau kwamba Suzan aliita jina la mumewe mpaka sauti ikakatika, na alichotaka ni kusikia tu Mayunga akitamka kwamba alitoka kwa ajili yake. Basi. Nilimweleza yote, hata habari za mchezo. Akanijibu kwamba haya ni maneno yangu, si ya Mayunga, akaanza kutoa nguo mfukoni moja moja na kuzirudisha sandukuni. Nililia pale pale, na yeye akalia.

Mayunga sasa yuko Biharamulo kwa baba yake, anachunga ng'ombe, karakana ameifunga. Nilimfuata. Nilimwambia lile lori lilikuwa tendo, tena kubwa kuliko matendo yote niliyopata kuyasikia. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba alilibeba swali lile, kama kukimbia na kuita ni tendo, moyoni miaka yote, hakuwa na wa kumuuliza, akaona alilete mezani kwetu, kwako, kwa sababu wewe huna upendeleo. Na wewe uliamua.

Mzee Ndikuriyo amesema wako tayari kukaa tena, ila neno jipya litoke kwa Mayunga mwenyewe. Mimi nimejaribu kulitoa kwake, halitoki. Sikulaumu, kaka, hukujua, nasi tulicheka pamoja nawe. Lakini usimpigie simu. Omba ruhusa uje, ukae naye, umwambie kwamba uliamua vibaya. Sijui kama atakuamini. Njoo hivyo hivyo.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri. Clotilda anakusalimu. Mzee Mihayo naye, hana kinyongo, anakusalimu.

Salamu za Mayunga sina.

Mimi mdogo wako,
Zita