Barua Iliyorudi na Wino Mwekundu

Mengo, Kampala
Jumapili

Kaka Khisa,

Sisi tupo. Mvua imeangusha ukuta wa jirani, na kuku wake sasa wanataga kwetu. Mayai siyarudishi.

Baba hajambo kidogo. Macho yamekwisha kabisa, lakini ualimu haujamtoka. Kila jioni lazima nimsomee vile vitabu vyake vya sarufi, vile alivyofundishia maaskari kule Naguru. Nikipita nukta bila kutua, ananirudisha nyuma. Daktari amesema tusimpeleke tena hospitali, tukae naye tu nyumbani.

Najua kwa nini hujaandika miaka saba. Ulimwandikia kwamba wewe na mkeo mmemzika mtoto, naye akakurudishia barua yako imejaa wino mwekundu. Hata mimi nilimchukia siku ile.

Jana, katikati ya kitabu, nilikuta karatasi yenye mwandiko wake. Nikadhani ni mazoezi ya darasa, nikaisoma kwa sauti. "Baba, mtoto wetu amelala na hataamka." Ilikuwa barua yako. Aliinakili yote kabla ya kuirudisha. Nikaiweka chini.

Baba akaimalizia mwenyewe, kwa kichwa, neno kwa neno, pamoja na makosa yako yote. Hakusahihisha hata moja.

Kisha akaniuliza kama umejibu ile aliyokurudishia.

Nimemwambia uko njiani. Usinifanye mwongo, kaka.

Dada yako,
Nangila